Kuanza Mlo wa Mimea Mitupu

(Hotuba iliyotolewa ukumbini mwa hekalu, mbele ya wanajumuiya na wageni waalikwa, katika wiki ya maadhimisho)



Halmashauri imeniomba nizungumze juu ya chakula, na hasa juu ya mlo usio na nyama, samaki, mayai, maziwa wala kitu kingine kitokacho kwa mnyama. Mimi si daktari, wala si mpishi. Masomo yangu yaliishia kidato cha nne, na tangu hapo nimesimama nyuma ya mizani nikiuza nafaka na mikunde, kama alivyosimama baba yangu kabla yangu. Lakini mtu aliyepima mbaazi na choroko kwa miaka zaidi ya arobaini hujifunza mawili matatu juu ya vinavyoingia jikoni mwa watu, na hayo ndiyo niliyokuja nayo. Nimeombwa vile vile niseme kwa Kiswahili, nami nimefurahi. Katika nyumba zetu nyingi chungu kina wenyewe wawili, mama mwenye nyumba na mpishi anayemsaidia, na hotuba ya chakula ambayo mmoja wao haielewi ni hotuba ya bure.

Kwanza tuelewane juu ya jina. Wengi wetu Wagujarati tulilelewa bila nyama, samaki wala mayai. Lakini maziwa tulikunywa, mtindi tulikula kila mchana, na samli ilipakwa juu ya kila chapati. Anayeacha hivyo navyo, pamoja na asali, Waingereza walimbunia jina lake mwaka 1944, pale Donald Watson na wenzake wachache walipoanzisha chama chao. Mimi leo nitauita mlo wa mimea mitupu, maana ndivyo ulivyo. Wala si mgeni hapa kwetu kama inavyodhaniwa. Mkazi wa Buguruni anayekula ugali wa dona, maharage na mchicha saa saba mchana amekwisha kula mlo huo bila kuutangaza.

Ninalotaka kulisema kabla ya mengine yote ni kwamba kuacha kitu hakumpi mtu afya. Afya inategemea kile anachokiweka mahali pa kile alichokiacha. Naomba radhi kwa wazee nikisema wazi kwamba jamii yetu ni ushahidi wa jambo hili. Kaka yangu mkubwa, Motabhai, hakuonja nyama maisha yake yote. Hakuvuta sigara, hakunywa pombe. Alifariki kwa moyo akiwa na umri wa miaka 58, na kabla ya hapo aliishi na kisukari kwa miaka kumi na minne. Pale matangani nilisikia mtu akishangaa: yaani hata yeye, mtu safi namna ile? Nami nilikuwa nikikumbuka meza yake. Asubuhi gathia na jalebi, na chai yenye vijiko vitatu vya sukari. Mchana wali mweupe mlima mzima, na puri. Saa kumi bajia au kachori. Usiku thepla zilizolowa mafuta, na baada yake kitu kitamu kidogo, ambacho hakikuwa kidogo.

Sasa tazameni. Sukari nyeupe inatokana na mmea. Unga mweupe wa ngano unatokana na mmea. Mafuta ya kukaangia bajia, soda, chipsi, vyote vinatokana na mimea. Mtu anaweza kuacha wanyama wote wa dunia akaugua kisukari kwa vyakula hivyo. Na madaktari wanatuambia kwamba sisi wenye asili ya Bara Hindi hupatwa na kisukari mapema zaidi, na kwa uzito mdogo zaidi, kuliko watu wa mataifa mengine mengi. Tumbo dogo la mbele ambalo sisi huliita alama ya neema linatosha kuleta maradhi. Hata mfungo wetu wa Ekadashi, siku tunayojizuia nafaka, katika nyumba nyingi umegeuka kuwa siku ya viazi vya kukaanga na tambi za sago. Najua mnacheka kwa sababu mnajua.

Kwa nini basi mtu aache na maziwa? Kila mmoja ana sababu yake. Wako ambao matumbo yao hayaiwezi sukari iliyomo katika maziwa. Hali hiyo ni ya kawaida kwa watu wazima wa Afrika na wa Asia, na wengi huishi na gesi na kuhara bila kujua chanzo. Wako wanaofuata ahimsa, yaani kutodhuru kiumbe, nao wanauliza swali gumu. Babu zetu kule Kathiawar walimjua ng'ombe wao kwa jina, na ndama alinyonya kwanza. Katika ufugaji wa biashara wa leo ndama hutengwa na mama yake mapema, na ndama dume, kwa kuwa hatoi maziwa wala halimi tena shamba, mwisho wake ni machinjioni. Mtu akiisha kulijua hilo, anaweza kuona kwamba maziwa yake nayo yamepita karibu na kisu. Juu ya maziwa ya ibada na panchamrit sitasema kitu. Mambo hayo yana wenyewe, nao wameketi hapa mbele yangu.

Swali hili halikuanza na vijana wa leo. Mohandas Gandhi, mzaliwa wa Porbandar, aliacha maziwa mwaka 1912 akiwa Afrika Kusini, katika Shamba la Tolstoy, pamoja na rafiki yake Kallenbach. Mwaka 1918 aliugua kuhara damu, akadhoofika mno, na waganga wakamsihi anywe maziwa. Alikataa, maana alikuwa ameweka nadhiri. Mkewe Kasturba ndiye aliyemwambia kwamba nadhiri ile ilihusu ng'ombe na nyati, basi maziwa ya mbuzi hayamo. Akayanywa, akapona, lakini moyo wake haukutulia. Katika kitabu cha maisha yake aliwaomba wenye ujuzi wamtafutie kitu cha mimea kinachoweza kushika nafasi ya maziwa. Gandhi aliuawa tarehe 30 Januari 1948. Mwaka huo huo wa 1948 wataalamu wa Marekani na Uingereza walifanikiwa kuitenga vitamini B12. Sisemi kwamba hiyo ndiyo iliyomkosesha nguvu. Ugonjwa wake ulikuwa mwingine. Nasema kwamba sisi tunaoanza leo tunajua jambo muhimu ambalo yeye hakupata nafasi ya kulijua.

Jambo lenyewe ni hili. Vitamini B12 hutengenezwa na bakteria. Huingia katika nyama, mayai na maziwa, lakini katika mimea haipatikani kwa kiasi cha kutegemewa, si katika mchicha, si katika soya, si katika uyoga. Mtu mzima anahitaji takriban mikrogramu 2.4 kwa siku, kiasi kidogo kuliko punje ya chumvi. Akikikosa, ini huendelea kutoa akiba yake kwa muda mrefu, pengine miaka, na kwa hiyo mtu hujiona mzima. Kisha huja uchovu, upungufu wa damu, ganzi ya miguu na vidole, usahaulifu. Mishipa ya fahamu ikiharibika sana huenda isirudi ilivyokuwa.

Bhabhi, mjane wa Motabhai, naye ana kisukari. Alianza kupata ganzi miguuni, na sisi sote nyumbani tukasema ni sukari hiyo, tumezoea. Daktari mmoja aliagiza damu ipimwe B12, ikaonekana iko chini sana. Alikuwa ametumia vidonge vya metfomini kwa miaka mingi, na metfomini ikitumiwa muda mrefu hupunguza B12 mwilini. Tena chakula chake kilikuwa cha mimea na maziwa kidogo tu. Alichomwa sindano kwa wiki kadhaa, kisha akapewa vidonge. Mguu wa kulia umepona. Wa kushoto bado una ganzi katika vidole viwili. Humu ukumbini wamo watu wengi wanaotumia metfomini na wasiokula nyama. Kwao nasema: hata kama hamna nia ya kuacha maziwa, ombeni kipimo hicho. Na kwa anayeacha maziwa na mayai kabisa, kidonge cha B12 hakina mjadala, ni sehemu ya mlo wenyewe kama chumvi. Hupatikana katika maduka ya dawa, na kipimo chake kwa siku au kwa wiki utaelezwa na mfamasia.

Nikitoka hapo narudi kwenye biashara yangu, ambako nina raha zaidi. Bidhaa ya kwanza ni mikunde. Choroko hii hii, ukifika Nairobi ni ndengu, ukifika Mombasa ni pojo, na sisi nyumbani twaiita mag. Mbaazi ni tuver. Kunde ni chora. Dengu ni chana. Yaani ile dal inayochemka kila siku katika nyumba ya Mgujarati ni mbaazi ile ile inayolimwa Lindi, Mtwara na Babati, na ambayo Mombasa huiunga kwa tui la nazi wakaila kwa mahamri asubuhi. Mwaka 2017 India ilipoweka kikomo cha mbaazi za kutoka nje, bei huku kwetu ilianguka, na wakulima wakabaki na magunia ghalani. Nilijiuliza wakati ule kwa nini nchi yenye chakula kizuri namna hii ingoje meli.

Lakini kuna jambo la kuangalia. Dal yetu ni nyembamba. Wakati mwingine ni nyembamba hata unaona ua lililochorwa chini ya bakuli. Tunaimimina juu ya wali, tunaridhika kwamba tumekula mikunde, kumbe tumekula wali. Mtu akiacha mtindi na maziwa akabaki na dal ya namna hiyo, protini itapungua. Kikombe kimoja cha mikunde iliyopikwa nzito kina takriban gramu 15 za protini. Kile ndicho kiwe kipimo, mchana kimoja na usiku kimoja. Chukua mfano wa majirani zetu na makande yao, mahindi na maharage chungu kimoja, au khichdi yetu wenyewe ikiwa choroko imezidi mchele badala ya mchele kuzidi choroko. Nafaka na mikunde hukamilishana, kila moja ikileta protini ambayo mwenziwe anayo kidogo. Si lazima ziwe katika mlo mmoja, siku moja inatosha.

Bidhaa ya pili ni nafaka zilizosahauliwa. Wazee wetu waliovuka bahari kwa majahazi ya kaskazi hawakuwa watu wa puri nyeupe. Huko Kathiawar na Kutch walikula rotlo wa bajri. Bajri ni uwele, na uwele unalimwa Dodoma na Singida. Juvar ni mtama. Nagli ni ulezi. Tulipotajirika kidogo tukahamia mchele mweupe na unga mweupe, na nafaka hizi tukazionea haya, tukaziona ni za maskini. Gramu 100 za ulezi zina takriban miligramu 340 za kalsiamu, wakati gramu 100 za maziwa zina takriban 120. Kweli mwili hauichukui yote ile ya ulezi, kwa kuwa nafaka na mikunde ina vitu vinavyoyashika madini. Dawa yake wanaijua akina mama wa pande zote mbili: kuloweka, kuchachusha, kuotesha. Choroko ilowekwe usiku mmoja, ichujwe, ifunikwe kwa kitambaa chenye unyevu, na baada ya siku moja au mbili imetoa mikia. Kwa kalsiamu ongezeni pia ufuta na sukuma wiki. Mchicha ni mzuri kwa mengine, ila kalsiamu yake mwili huipata kwa shida.

Madini ya chuma yamo katika mikunde na majani, lakini yanahitaji msaada. Ndimu iliyokamuliwa juu ya dengu, kachumbari yenye nyanya, pera au chungwa baada ya chakula, vyote husaidia mwili kuyachukua. Chai huzuia. Desturi yetu ya kunywa chai ya masala pamoja na chakula, au mara baada ya kunawa mikono, inafaa isogezwe mbele saa moja. Chumvi iwe ile yenye madini joto, hasa kwa kuwa hatuli samaki. Mbegu za kitani, yaani alsi tunayotafuna baada ya chakula, zina mafuta mazuri kwa moyo, lakini zisagwe, kwani nzima hupita tumboni kama zilivyoingia. Tui la nazi ni tamu, nami ni mtu wa pwani sitalisema vibaya, ila mafuta yake ni mazito kama ya samli. Lisiwe katika kila chungu.

Hapa niruhusuni nizungumze kama mfanyabiashara. Anayekula mimea mitupu hula karanga na nafaka nyingi kuliko wengine, kwa hiyo sumukuvu inamhusu zaidi. Sumu hii hutokana na ukungu unaoota katika karanga na mahindi yasiyokaushwa vizuri, huharibu ini, na haiondoki kwa kupikwa. Karanga iliyokunjamana, yenye rangi iliyobadilika au ladha chungu, itupwe. Msikubali mwenye duka awaambie kwamba ukikaanga inaisha. Akiwa ni mimi, niambieni hivyo hivyo.

Sasa, mtu aanzie wapi? Wengi huanza na chai, kwa kuwa ndiyo maziwa wanayoyaona. Asubuhi ya kwanza wanakunywa chai ya rangi, ya pili wana hasira, ya tatu wamerudi. Mimi nashauri chai iwe ya mwisho. Anzeni na samli ya kuungia dal, kwa sababu hakuna atakayegundua: haradali, bizari nyembamba na mvuje hutoa harufu ile ile katika kijiko kimoja cha mafuta ya alizeti. Kijiko kimoja, si upawa. Kisha sahani: nusu yake mboga, robo mikunde, robo nafaka, na nafaka hiyo iwe dona, mtama, uwele au mchele usiokobolewa sana. Wiki chache zikipita, gusa mtindi. Chhaas haina mwenziwe, nakiri. Tui jepesi lililotiwa ndimu, chumvi na bizari hukaribia, halifiki. Kwa uji na chai kuna maziwa ya soya, ambayo lazima yachemshwe sawasawa maana soya mbichi husumbua tumbo, na kuna maziwa ya karanga. Haba na haba hujaza kibaba, na sisi wauza nafaka tunajua kwamba vibaba vinne ndipo inapatikana pishi.

Wapo wasiopaswa kuanza peke yao. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari amwambie daktari wake kabla, kwa kuwa chakula kikibadilika sukari inaweza kushuka mno akaanguka. Mama mjamzito na anayenyonyesha, watoto wadogo, na wazee wanaokula kidogo, wote wanahitaji kuangaliwa. Mtoto anayenyonya kwa mama asiye na B12 hudhurika kabla mama hajahisi kitu. Kwa hao nasema kwa uzito: msifanye kwa hamasa ya hotuba.

Limebaki la ugeni, nalo si dogo. Kwetu mgeni asiyekula penda na barfi huonekana amevunja heshima ya nyumba. Binti yangu, aliyeacha maziwa miaka sita iliyopita, alipata tabu zaidi kwa shangazi zake kuliko kwa njaa. Akina kaki na akina foi, nawaomba: kijana akisema hapana kwa sahani ya mithai, msimwulize mbele ya watu kama ameugua. Mpeni tende, mpeni kashata ya nazi au ya ufuta, na mazungumzo yaendelee. Nanyi vijana, msigeuze meza ya shangazi kuwa baraza la hukumu. Aliyepika alipika kwa mapenzi.

Muda niliopewa umekwisha. Wauguzi wawili wa jumuiya wako pale mlangoni na mashine ya kupima sukari na shinikizo la damu, hakuna malipo; anzeni na waliozidi miaka arobaini. Chakula cha leo kimepikwa na kamati ya akina mama pamoja na wapishi wetu: mbaazi nzito, rotlo wa uwele, kisamvu cha karanga, makande na kachumbari. Chai ya tangawizi yenye maziwa ya soya iko meza ya kulia. Ile ya maziwa ya ng'ombe iko meza ya kushoto, na hakuna atakayewatazama.